Vichezeo vilivyobaki ni vile ambavyo havikuchezewa: uzi kuhusu namna ya kutembelea makumbusho ya vichezeo na mifano midogo

Mleta mada

Wanajukwaa, nawasalimu. Mada hii nimeiahirisha kwa muda mrefu, na kilichonisukuma kuileta leo ni malalamiko mawili ninayoyasikia kila mara kutoka kwa watu waliotembelea makumbusho ya vichezeo na mifano midogo. Mmoja husema aliwapeleka watoto akitarajia siku ya furaha, wakakatazwa kugusa kila walichokitamani, na haikupita nusu saa wakaanza kudai kurudi nyumbani. Mwingine, aliyekwenda peke yake, husema alidhani ni mahali pa watoto, akavipita vyumba vyote kwa mwendo wa mtu anayetafuta mlango wa kutokea, na baadaye ndipo alipoambiwa kwamba alilipita kabati lenye ukubwa wa kiberiti ambalo kila droo yake hufunguka.

Kwa maoni yangu wote wawili wamepotoshwa na jina. Jina moja limefunika vitu vya aina mbili vinavyofanana kwa sura na kutofautiana kabisa kwa tabia. Kichezeo hutengenezwa ili kishikwe, kiburutwe, kiangushwe na hatimaye kichakae. Mfano mdogo hutengenezwa ili utazamwe, na mkono wa mtoto ukiufikia, basi kazi ya miezi imekwisha. Ushahidi wa jambo hili uko katika makumbusho ya kitaifa ya vichezeo na mifano midogo yaliyoko Kansas City, Marekani, ambayo yalifunguliwa mwaka 1982 na marafiki wawili, Mary Harris Francis na Barbara Marshall. Wa kwanza alikusanya vichezeo vya zamani, hasa nyumba za wanasesere. Wa pili alipenda mifano midogo ya mafundi stadi. Mgeni anayeingia humo anaingia katika mapenzi mawili tofauti kwa mlango mmoja, na asipobadilisha macho anapovuka kutoka upande huu kwenda upande ule, atauona mmoja tu vizuri.

Nianze na vichezeo. Jambo la kwanza ambalo mgeni anapaswa kujiuliza mbele ya kabati la kioo ni hili: kwa nini hiki kimebaki? Mwanasesere mwenye uso wa kauri usio na mkwaruzo, nguo zake za hariri zikiwa zimepigwa pasi, ni kitu kizuri kukitazama, lakini uzuri wake ni ushahidi kwamba aliwekwa juu ya rafu na mtoto akaambiwa amtazame kwa mbali. Huenda alikuwa ghali mno, huenda mwenyewe hakumpenda, au huenda mwenyewe alikua kabla hajaruhusiwa kumshika. Kile kilichopendwa kweli kililala kitandani na mtoto, kikalowa mvua, kikang'olewa jicho, kikashonwa, kikang'olewa tena, na siku moja kikatupwa. Kwa hiyo chumba kizima cha vichezeo safi ni chumba cha vichezeo ambavyo havikuchezewa, au vilivyochezewa kwa uangalizi mkali.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa dubu. Mwaka 1902 kampuni ya Steiff ya Ujerumani ilibuni dubu wa kitambaa mwenye viungo vinavyozunguka, na mwaka uliofuata mnunuzi kutoka Marekani akaagiza dubu 3,000 katika maonyesho ya biashara ya Leipzig. Katika kundi hilo la mwanzo hakuna hata mmoja ambaye amethibitishwa kuwa bado yupo. Dubu wa miaka iliyofuata wapo wengi katika makabati duniani, na wengine ni wazuri sana, ila wale wa kwanza kabisa ndio waliokwenda na maji. Tangu nilipolijua hilo, nikiingia chumba cha dubu simtafuti tena yule aliye mzima. Namtafuta aliyepukutika manyoya upande mmoja wa kichwa, maana upande huo ndio uliokuwa ukilaliwa.

Alama za namna hiyo ziko kila mahali kwa anayezitafuta. Treni ya bati ambayo rangi yake imebanduka juu ya paa la behewa la kwanza tu inakuonyesha mahali ambapo kidole kilikuwa kikisukuma. Mwanasesere aliyenyolewa nywele bila mpangilio alipitia mikononi mwa mtoto aliyekuwa akiamini kwamba zitaota tena. Kuna pia ushahidi uliofichwa ndani ya kitu chenyewe: nchini Japani, mara baada ya vita kwisha mwaka 1945, mafundi walitengeneza magari madogo ya kuchezea kwa bati la makopo yaliyotupwa na majeshi ya Marekani. Makumbusho yenye busara huweka kichezeo cha aina hiyo juu ya kioo cha kujitazamia, ili mgeni aone pia upande wa ndani.

Upande wa mifano midogo, sheria hugeuka. Hapo ukamilifu ndio habari yenyewe, na uchakavu ni ajali. Kipimo kilichozoeleka ni 1:12, yaani sentimita 12 za dunia yetu huwa sentimita moja ndani ya chumba kidogo. Mtu wa sentimita 180 huwa na sentimita 15. Hadi hapo hesabu ni nyepesi, lakini ujazo haupungui mara 12. Hupungua mara 1,728, kwa sababu urefu, upana na kimo vyote vimepungua kwa pamoja. Katika kasri la Windsor, Uingereza, iko nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary, iliyosanifiwa na Edwin Lutyens na kujengwa kati ya mwaka 1921 na 1924, na ndani yake mna umeme, lifti zinazopanda na kushuka, mabomba yanayotoa maji, na ghala la chupa zilizotiwa mvinyo halisi. Ukiipunguza chupa ya mililita 750 kwa kipimo hicho, inabaki na chini ya nusu mililita, yaani matone tisa hivi. Sasa fikiria fundi anayejaza chupa hizo moja baada ya nyingine, kisha anazitia vizibo.

Nilipoifanya hesabu hiyo kwa mara ya kwanza ndipo nilipoelewa kwa nini mafundi wa kazi hii huzungumza kuhusu maji, kitambaa na mbao kana kwamba ni maadui zao. Maji hayakubali kuwa madogo: tone lenye upana wa milimita nne, kwa mkazi wa nyumba ya 1:12, ni donge la karibu sentimita tano linaloning'inia mdomoni mwa bomba. Kitambaa nacho hakikubali. Pazia la dirisha dogo husimama kama ubao, kwa sababu uzi wake ni ule ule na uzito wake umekwisha, hivyo fundi hulazimika kuchagua hariri nyembamba na kuikunja mikunjo kwa pini na gundi hadi iigize kuanguka. Mbao yenye nyuzi pana huonekana mara moja kuwa imetoka katika mti mkubwa, na ndiyo maana fundi hutafuta miti yenye nyuzi zilizobanana sana. Mgeni anayezijua shida hizi tatu hahitaji mwongozaji. Atalitazama pazia kwanza, na pazia litamwambia kiwango cha fundi.

Basi rai yangu kwa anayepanga safari ya namna hii ni kwamba asijaribu kuona kila kitu. Makumbusho ya picha za ukutani unaweza kuyatembea. Haya huwezi, kwa sababu kabati moja lina vitu mia. Chagua makabati matano, kaa mbele ya kila moja dakika kumi, na kabla ya kusoma maelezo yaliyobandikwa, piga magoti hadi macho yako yawe usawa wa sakafu ya chumba kidogo. Ukitazama kutoka juu, unaona kisanduku chenye vitu ndani yake. Ukishuka, chumba kinakuwa chumba.

Nawakaribisha mchangie, hasa mlioyaona makumbusho ya aina hii kwa macho yenu.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, umeandika vizuri, lakini mgawanyo wako naona umekata kwa kisu kikali mno. Unasema kichezeo ni cha kuchezewa na mfano mdogo ni wa kutazamwa. Je, nyumba ya wanasesere ya Petronella Oortman, iliyomo katika Rijksmuseum mjini Amsterdam, unaiweka wapi? Huyu alikuwa mke wa mfanyabiashara tajiri, na kati ya mwaka 1686 na 1710 hivi aliijaza kabati yake ya magamba ya kobe na madini vyombo vya kauri, fedha, mbao na vitambaa, vyote vikiwa vimetengenezwa kwa mali ghafi ile ile ya vyombo vikubwa. Gharama yake ililingana na ya nyumba halisi ya kuishi kando ya mfereji. Ile haikuwa ya mtoto. Hata hivyo nakataa kwamba haikuchezewa: kupanga, kupangua, kuagiza sufuria nyingine ndogo, kumfungulia mgeni milango ya kabati na kumwonyesha, huo ni mchezo wa mtu mzima mwenye fedha na muda. Kwa hiyo swali lako la "kwa nini kimebaki" linapata jibu jingine hapa. Kimebaki kwa sababu aliyekichezea alikuwa na mikono mitulivu.

Na kuna vitu ambavyo havimo upande wowote kati ya pande zako mbili. Mwaka 1920, katika kaburi la Meketre nchini Misri, mwanaakiolojia Herbert Winlock aligundua chumba kilichofichwa kikiwa na mifano midogo ya mbao ya karibu miaka 4,000: mashua, mazizi, watu wanaooka mikate, wanaohesabu ng'ombe. Leo mifano hiyo imegawanywa kati ya Kairo na Metropolitan Museum mjini New York. Haikuwa ya kuchezewa, na haikuwa ya kutazamwa na mtu yeyote aliye hai. Iliwekwa gizani ili imhudumie marehemu. Mtu akiingia katika chumba cha mifano hiyo na macho ya vichezeo, atasema "watoto wa Misri walikuwa na mashua nzuri", na atakuwa amekosea kabisa.

Mleta mada

Nakubali, ndugu yangu, kuhusu Meketre. Hilo ni kundi la tatu na nilipaswa kulitaja. Kuhusu Oortman nakubali nusu. Mchezo wake ulikuwa mchezo, lakini kitu chenyewe hakikubadilishwa na mchezo huo kama dubu anavyobadilishwa na usingizi wa mtoto. Kwangu mimi tofauti iko hapo: je, kitu kimebeba alama za aliyekitumia au za aliyekitengeneza peke yake?

Mchangiaji wa pili

Mimi niko katika kundi la malalamiko ya kwanza, la wazazi. Tulikwenda na watoto wawili, wa miaka sita na tisa, na mdogo alilia mbele ya treni. Mhudumu mmoja alitukaripia kwa sauti ambayo bado naikumbuka, kwa sababu mkono wa mtoto uligusa kioo; kioo, si treni. Sitayataja makumbusho yenyewe.

Safari ya pili, mahali pengine, tulijipanga. Niliwaambia mapema kwamba tunakwenda kufanya upelelezi, na kwamba kila mmoja ana kazi ya kutafuta kichezeo kilichopigwa zaidi kuliko vyote na kueleza kilipigwaje. Sikuwa nimesoma uzi huu wakati huo, lakini naona tulifika mahali pamoja na mleta mada. Mkubwa alichagua farasi wa magurudumu aliyekosa sikio, akatunga kisa chote cha kaka aliyeling'ata. Mdogo alichukua penseli akachora. Tulikaa saa mbili.

Jambo jingine ambalo wazazi hawaambiwi ni urefu wa makabati. Makabati mengi yamepangwa kwa macho ya mtu mzima, na mtoto huona miguu ya meza na vivuli. Uliza kama kuna vijukwaa vya kusimamia kabla ya kuanza kumwinua mtoto mbele ya kila kabati, maana mgongo hauna spea. Na kama mtoto ni mdogo sana, chagua makumbusho yenye sehemu za kuchezea kabisa. Yale ya Bethnal Green mjini London, ambayo zamani yalijulikana kama makumbusho ya utoto na sasa huitwa Young V&A, yalifunguliwa upya mwaka 2023 yakiwa yamepangwa kwa ajili ya watoto wenyewe. The Strong mjini Rochester, Marekani, nayo yanahusu mchezo kwa jumla, na kucheza ni sehemu ya ziara. Huko hasira za kukatazwa hupungua sana.

Mchangiaji wa tatu

Naomba niwatetee kidogo hao wahudumu, ingawa si kwa ukali wao. Nimefanya kazi kwa miaka kadhaa katika ghala la mkusanyiko wa vichezeo, nyuma ya milango ambayo wageni hawaifiki, na ninaweza kuwaambia kwamba vichezeo ni miongoni mwa vitu vigumu kabisa kuvitunza. Sanamu ya shaba ilitengenezwa ili ikae. Kichezeo kilitengenezwa kwa bei ya chini ili kidumu hadi mtoto akue, na sasa sisi tunataka kikae miaka 200.

Chukueni seluloidi, plastiki ya zamani iliyotumika kutengenezea wanasesere wepesi. Hushika moto kwa kasi ya kutisha, na hata isipowaka, inapozeeka hutoa mvuke wenye asidi ambao huila yenyewe na kuwaumiza majirani zake. Mwanasesere mmoja anayeoza ndani ya kabati lililofungwa anaweza kuharibu vazi la mwenzake na kutia kutu kwenye pini zake. Ndiyo maana hutengwa na kuwekwa penye hewa inayopita. Plastiki laini za baadaye zina tabia nyingine: vilainishi vilivyochanganywa ndani yake husafiri polepole hadi juu, na mwanasesere huanza kunata kana kwamba ametoka jasho. Wageni hudhani hatujamfuta. Barbie wa miaka ya mwanzo, baada ya 1959, wana ugonjwa wao unaojulikana kwa wakusanyaji wote: madini ya hereni huacha doa la kijani masikioni, na doa hilo huenea shavuni.

Magari madogo ya madini nayo yana msiba wake. Aloi ya zinki, yaani zinki iliyochanganywa na metali nyingine, iliyotumika kabla ya Vita Kuu ya Pili mara nyingi ilichanganyika na madini ya risasi kidogo kiwandani, na uchafu huo mdogo tu unatosha kuifanya aloi ipasuke kutoka ndani miongo mingi baadaye. Dinky Toys, zilizoanza kuuzwa mwaka 1934, ni mfano unaojulikana sana. Gari huvimba, huota nyufa, magurudumu hubomoka, na hakuna dawa; unachoweza kufanya ni kulipunguzia joto na unyevu na kutoligusa. Hapa nadharia ya mleta mada inapata kasoro, maana gari hilo linaweza kufa bila kuchezewa hata siku moja. Nimewahi kufungua boksi la asili, karatasi ya ndani haijachanwa, nikakuta vipande na unga.

Kuna na lile linalonichekesha kila ninapolifikiria. Wanajeshi wadogo wa risasi walikuwa wakipangwa katika makabati mazuri ya mbao za mwaloni, kwa heshima zote, na kumbe mbao hizo hutoa mvuke wa asidi unaoigeuza risasi kuwa unga mweupe. Kabati la heshima lilikuwa likiwamaliza askari kimya kimya.

Ama mwanga, mkiingia chumba cha wanasesere na kukiona kina giza, si ubahili. Kwa nguo na karatasi kiwango kinachokubalika ni luksi 50 hivi (luksi ni kipimo cha mwangaza), kwa sababu rangi iliyopauka hairudi. Simameni dakika mbili tatu mlangoni, macho yatazoea, na mtaona zaidi ya yule anayekimbilia kuwasha tochi ya simu.

Mchangiaji wa nne

Huu mchango wa mwenzetu wa ghalani umenisaidia kusema jambo ambalo limekuwa likinisumbua. Tumezungumza kuhusu vilivyobaki na vinavyokufa makabatini. Je, vile ambavyo havikufika kabatini kabisa? Sehemu kubwa ya vichezeo vya dunia haikununuliwa dukani. Ni mpira wa matambara, gari la waya lenye usukani mrefu, mwanasesere wa gunzi, nyumba iliyochorwa ardhini kwa kijiti. Vitu hivi watoto huvitengeneza wenyewe, huviboresha, huvivunja ili watoe waya wa kutengenezea kingine, na hakuna mtu mzima anayefikiri kuviweka. Mkusanyaji naye kwa kawaida hununua, na asichouziwa hakimjii. Matokeo yake ni kwamba ukumbi mzima unaweza kukuaminisha kwamba utoto wa karne nzima ulikuwa ni nyuso za kauri na treni za viwanda vya Nuremberg, Ujerumani.

Nikiingia mahali pa namna hii, ninahesabu. Vingapi vilitoka kiwandani, na vingapi vilitengenezwa na mtoto? Makumbusho mengine yana kabati moja tu la vitu vya kujitengenezea, mara nyingi pembeni, karibu na ngazi. Hilo kabati ndilo ninaloanza nalo.

Na kuhusu vitu vya kale, ningependa kuongezea ule mfano wa Misri. Huko Veracruz nchini Meksiko, wanaakiolojia wamefukua wanyama wadogo wa udongo wenye magurudumu, waliotengenezwa kabla ya Wazungu kufika, katika nchi ambazo hakuna dalili kwamba watu walitumia gurudumu kubebea mizigo. Ukikiona kitu hicho kabatini, usipite. Gurudumu lilijulikana, likaishia kwenye kitu kinachoenea kiganjani. Kama kilikuwa kichezeo au chombo cha ibada, wataalamu wanaendelea kubishana, na mimi sioni kama kuna haja ya kuwaharakisha.

Mchangiaji wa tano

Naomba niulize swali ambalo linaweza kuonekana la kitoto. Kwa nini vyumba vingi vya mifano midogo havina watu ndani? Nilitazama picha za vile vya Chicago na vyote ni vitupu: kitabu kimefunguliwa, miwani iko mezani, mwenyewe hayupo. Nilipata hofu kidogo.

Mleta mada

Si swali la kitoto hata kidogo. Unavyovisema ni vyumba vya Narcissa Thorne, 68 kwa idadi, vilivyomo katika Art Institute of Chicago. Alivisimamia kati ya mwaka 1932 na 1940 akiwa na mafundi stadi, na vinaonyesha mitindo ya ndani ya nyumba za Ulaya na Marekani kuanzia mwishoni mwa karne ya 13 hadi miaka ya 1930. Tatizo la kumweka mtu ni kwamba jicho letu husamehe kiti na halisamehi uso. Kiti cha sentimita nane kinaweza kutudanganya kabisa. Mwanasesere akikikalia, mara moja tunakumbuka kwamba hiki ni kisanduku. Ukiondoa watu, wewe unayetazama ndiye unayeingia. Angalia pia madirisha ya vyumba hivyo. Mwanga umewekwa nyuma yake, na nje kuna kipande cha bustani au ukuta wa jirani, hivyo unajua kama ni asubuhi au alasiri, na milango iliyoachwa wazi inakuonyesha korido ambayo huwezi kuifikia. Vyumba vinaishi kwa sababu vina nje.

Kuhusu hofu, hujakosea. Frances Glessner Lee, ambaye naye alikuwa Mmarekani, aliitumia sanaa hii hii miaka ya 1940 kutengeneza vyumba vya vifo visivyoeleweka kwa ajili ya kuwafunza wapelelezi wa polisi. Yeye alilazimika kuweka watu, kwa kuwa marehemu ndiye aliyekuwa somo. Vyumba 18 vimehifadhiwa mjini Baltimore, katika ofisi ya uchunguzi wa vifo, na mwaka 2017 vilionyeshwa kwa umma katika Renwick Gallery mjini Washington. Mwanafunzi alitakiwa kutazama chumba kama tunavyoambizana hapa: polepole, kwa mpangilio, bila kukimbilia maelezo. Kalenda ukutani, soksi iliyokunjwa, kopo jikoni, kila kimoja kilikuwa na sababu ya kuwepo.

Mchangiaji wa pili

Huko sitawapeleka watoto.

Mchangiaji wa sita

Mimi ninatengeneza, kwa hiyo naomba nizungumze kwa niaba ya mafundi. Mleta mada kasema watu watazame pazia kwanza. Ni kweli, lakini hata pazia linaweza kunyooshwa kwa ujanja. Mimi huwa natazama sehemu ambazo fundi alitarajia hakuna atakayezitazama: nyuma ya kiti, upande wa chini wa meza, ndani ya droo iliyofunguliwa nusu. Makumbusho mengine huweka kioo cha kukuza au skrini yenye picha za karibu. Itumieni, ila mrudi kwenye kitu chenyewe, maana skrini hukufanya usahau kwamba kidole chako kingeziba mlango mzima.

Naongeza kuhusu bawaba. Bawaba ya mlango wa kawaida ina vipande viwili na msumari katikati. Ukiipunguza mara 12, msumari unakuwa mwembamba kama pini ya kushonea, na bado mlango lazima uzunguke bila kulegea. Fundi mvivu hubandika bawaba ya pambo na kuficha kitambaa nyuma yake. Ukiona mlango mdogo umeachwa wazi kwenye kabati la makumbusho, mara nyingi ni kwa sababu bawaba yake ni ya kweli na msimamizi wa mkusanyiko anataka uione.

Mchangiaji wa kwanza

Swali la mwisho kwa mleta mada na kwa wenzetu wa ghalani na wa karakana. Ninasafiri mwezi ujao na nitakuwa na saa moja tu, pengine na robo. Nifanye nini nayo? Na picha je?

Mchangiaji wa tatu

Kuhusu picha, uliza kwanza kama zinaruhusiwa, na flashi uizime hata kama hakuna tangazo. Kisha ukaribishe simu hadi iguse kioo kwa wepesi, kwa mkono ulioizungushia kivuli, na mwako wa taa utaondoka. Ukipiga kutoka mbali, utarudi nyumbani na picha 80 za sura yako mwenyewe kwenye kioo.

Mleta mada

Kwa saa moja, ningekushauri uigawe kwa nusu na uzichukue nusu hizo kwa mpangilio huu. Anza na mifano midogo wakati macho yako bado hayajachoka, kwa sababu inadai umakini zaidi. Chagua chumba kimoja tu, piga magoti, na ukitazame hadi uweze kusema bila kurudia kutazama ni wapi mwanga unatoka, ni kitu gani kiliachwa bila kumalizwa mezani, na mlango unaelekea wapi. Kisha nenda kwenye vichezeo, uvipite vile vilivyo katikati ya ukumbi chini ya taa nzuri, na ukatafute kabati la karibu na ngazi ambalo mchangiaji wa nne amelitaja. Ukimkuta mwanasesere aliyesimamishwa, usianze na uso wake. Tazama nyayo za viatu vyake. Zikiwa safi, endelea na safari. Zikiwa zimelika upande mmoja, simama hapo dakika zote zilizobaki, kisha urudi utuandikie ulichokiona.